Nairudisha blogu yangu hewani, nahama Blogspot: wenye uzoefu semeni kabla sijabonyeza

MwalimuMasaba (Mbale, Uganda)

Wakuu, salaam.

Wengine mnanifahamu humu kwa mambo ya kahawa na ngeli. Tangu 2011 nilikuwa na blogu kule Blogspot, na nilikuwa naandika kwa Kiswahili, jambo ambalo wakati ule, Kiswahili kikihesabiwa lugha ya askari, liliwafanya majirani waniulize kama nina ndugu jeshini. Mada zilikuwa mchanganyiko: kahawa ya Bugisu kuanzia kitalu hadi kukobolewa, michoro ya mawe ya Nyero kule Kumi, maelezo ya ngeli kwa wanafunzi wangu, na Imbalu, yaani sherehe ya tohara ya huku kwetu. Hiyo Imbalu ndiyo iliyonipa wasomaji. Miaka shufwa, Agosti ikifika, watu walikuwa wanamiminika kuuliza uzinduzi wake pale Mutoto ni lini, wafikie wapi, na kama mgeni anaruhusiwa kupiga picha.

Halafu ikalala. Julai 2018 ilikuja ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Blogu yenyewe haikutozwa, lakini linki zangu zilitembea kwa WhatsApp na Facebook, na kodi ilikaa hukohuko. Januari 2021 Facebook ikafungwa nchini, na ukurasa niliokuwa naita nao wasomaji ukabaki kuwa wa wenye VPN, programu ya kupita kizuizi. Sikuwa na barua pepe ya msomaji hata mmoja. Nikaona naandika peke yangu, nikaweka kalamu chini.

Kilichonirudisha ni shule. Mtaala mpya wa 2020 ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2 (miaka miwili ya kwanza ya sekondari), na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi. Walimu walioingizwa darasani bila vitabu vya kutosha wameanza kuchimba maandiko yangu ya zamani. Nayaona kwenye makundi ya WhatsApp: picha za skrini za somo langu la ngeli ya KI-VI la 2013, zimekatwa kichwa, jina langu halipo, na lile jedwali la mwisho lenye mifano yote halikuingia kwenye picha. Bora wapate ukurasa mzima.

Ninachotaka: jina langu mwenyewe la tovuti, maandishi niyashike kwa mkono wangu kama faili za kawaida, kurasa nyepesi zifunguke kwenye simu ya bei ndogo, na njia ya kuwapelekea wasomaji barua kila nikiandika kitu. Sitaki matangazo wala vidirisha vinavyoruka usoni. Nimetazama WordPress, Ghost na Hugo. Moyo unaelekea Hugo, programu inayogeuza faili za maandishi kuwa kurasa za tovuti, ingawa WordPress ndiyo kila mtu ananiambia.

Kinachonikosesha usingizi ni haya matatu: anwani za zamani, picha, na maoni ya wasomaji. Nisaidieni.

---

bintiBusia

Mwalimu karibu tena! Mimi nilisoma kwako ile ya kahawa ya mbuni na ya kuosha, nikaacha kununua mchanganyiko.

Ila Hugo? Wewe unaandikia wapi, kompyuta au simu? Maana mimi nauza nguo, blogu yangu ndogo ya mitindo iko WordPress na nusu ya maandiko nimeyaandika nikiwa ndani ya taksi kati ya Busia na Jinja. Nafungua programu kwenye simu, natupia picha, nabonyeza, imetoka. Hugo unatakiwa ukae kwenye laptopu, uchape amri kwenye dirisha jeusi. Umeme ukikatika siku mbili umesahau hata amri zenyewe. Blogu nyingi zinazokufa zimeuawa na uzito wa kuandika, jukwaa linasingiziwa tu.

---

Fundi_Wandegeya

@bintiBusia hoja yako ni nzito na nitairudia. Kwanza nimjibu mwalimu kuhusu anwani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaharibu na hakuna kurudi nyuma.

Mwalimu, USIHAME KWANZA. Nunua domeini (hilo jina lako la tovuti) leo, kisha uiunganishe na blogu yako ileile ya Blogspot kabla hujagusa kitu kingine. Kwenye mipangilio ya Blogger, yaani pale unapoiendeshea Blogspot, kuna sehemu ya kuweka domeini yako. Utapewa rekodi mbili za CNAME, yaani mistari ya kuelekeza jina: moja inaielekeza www kwenda ghs.google.com, nyingine ni ya kuthibitisha kwamba jina ni lako. Ziweke kwa aliyekuuzia jina. Zikishika, Blogger yenyewe inaanza kumchukua kila anayefungua anwani ya blogspot na kumpeleka kwenye jina lako, ukurasa kwa ukurasa. Iache hivyo wiki kadhaa, Google wazoee jina jipya.

Wakati huo wewe unajenga Hugo pembeni, taratibu. Siku ya kuhama unachogeuza ni ile rekodi ya www peke yake, inaacha kutazama Google inatazama kwa mwenyeji wako mpya. Msomaji hajui kitu.

Sharti ni moja: njia zisibadilike. Kama andiko la Mutoto liko kwenye `/2014/08/uzinduzi-wa-mutoto.html`, huko mpya nalo likae kwenye `/2014/08/uzinduzi-wa-mutoto.html`, na hiyo `.html` yake. Usishawishike na anwani fupi za kupendeza. Hugo inakuruhusu kuandika `url:` juu ya kila andiko, kwa hiyo unabandika ile njia ya zamani herufi kwa herufi. Maandiko mapya yape sura unayotaka.

Na baada ya hapo usifute ile blogu ya Blogspot. Nimeona watu wanahama vizuri kabisa, halafu mwezi wa pili wanaingia "kusafisha", wanafuta, na ule uelekezaji unakufa papo hapo. Iache pale na domeini yako imeandikwa kwenye mipangilio. Kuna wakati msomaji anaweza kuonyeshwa ukurasa wa kumuuliza kama kweli anataka kupelekwa kwingine. Si jambo zuri, lakini ni afadhali kuliko "ukurasa haupo".

---

MwalimuMasaba

Fundi, hili la kuunganisha jina kwanza halafu kuhama baadaye sikuliona popote. Wote wanasema "export, import, kwisha". Kwa hiyo hata wale walioweka linki zangu kwenye makala zao, zitaendelea kufika?

---

Fundi_Wandegeya

Zitafika. Na wale waliokuwa wakikusoma kwa RSS pia (mlisho unaowaletea maandiko mapya kwenye programu yao), ukiwakumbuka. Blogger inatoa mlisho wake kwenye `/feeds/posts/default`, Hugo inautoa kwenye `/index.xml`. Kama unaweka tovuti Netlify au Cloudflare Pages, kuna faili inaitwa `_redirects`, unaandika mstari mmoja:

`/feeds/posts/default /index.xml 301`

Basi. Watu husema RSS ilikufa Google Reader ilipofungwa Julai 2013. Haikufa. Wanaoitumia ndio wale wasomaji wasiopotea, na wengi wao hawatakuandikia kamwe kukuambia mlisho umekatika. Wataona tu umenyamaza.

---

NtindaMtunzi

Mnamchosha mwalimu bure. Substack. Unafungua akaunti asubuhi, mchana unaandika, barua pepe zinatumwa zenyewe, orodha ya wasomaji unaruhusiwa kuichukua ukiondoka. Inameza hata maandiko yako ya zamani. Hakuna seva, hakuna CNAME. Na siku ukitaka kutoza walimu shilingi mbili tatu, kitufe kipo, wao wanachukua asilimia 10.

---

bintiBusia

Hicho kitufe kipo kwa nani @NtindaMtunzi? Malipo ya Substack yanapitia Stripe, na Stripe haifungui akaunti kwa mtu wa Uganda. Mpaka uende ukaandikishe kampuni Marekani. Mwalimu wa Mbale akaandikishe kampuni Marekani ili auze ngeli!

---

NtindaMtunzi

Sawa, hapo umenishika. Lakini ya bure inafanya kazi vizuri tu.

---

MwalimuMasaba

Kuuza sina mpango. Mtu akitaka kunishukuru nitaweka namba ya MoMo, pesa ya simu, chini ya ukurasa, na ile kodi ya nusu asilimia ya kutoa pesa nitaibeba mwenyewe.

Substack nimeifikiria, NtindaMtunzi, sikuipuuza. Kinachonizuia ni kwamba maandiko yangu ya ngeli yana majedwali. Mengi. Jedwali la upatanisho lina ngeli upande mmoja, na nafsi, vivumishi, viashiria na viunganishi upande wa juu. Kwenye barua pepe majedwali yanasambaratika, na kule Substack nikaona watu wanayapiga picha ndipo wayaweke. Nitakuwa nimerudi kwenye picha za skrini nilizokimbia.

---

MzeeBombo

Wanangu, mimi nasoma tu huku nikinywa chai. Mbona hamumwambii mwalimu afungue chaneli ya WhatsApp? Mimi barua pepe yangu nilifunguliwa na mjukuu na neno la siri analo yeye. Lakini WhatsApp naifungua kabla sijaosha uso. Hapa Bombo hata bei ya mahindi tunaipatia huko. Wasomaji wako wako huko, mwalimu. Wafuate.

---

Fundi_Wandegeya

Shikamoo mzee. Umesema kweli kuhusu walipo, na mwalimu awe nayo hiyo chaneli. Iwe kengele ya kuita watu, somo lenyewe likae kwake. Chaneli haikupi namba za wafuasi wako. Ikifungwa, au nchi ikifunga, unabaki na nambari inayosema "wafuasi elfu moja" bila kumjua hata mmoja. Mwalimu alishaonja hilo 2021. Mtandao wote ulizimwa usiku wa tarehe 13 Januari, ukarudi tarehe 18, na Facebook haikurudi nao.

Orodha ya barua pepe hata ikiwa ya watu themanini ni faili, unaiweka kwenye flashi. Huduma zinakufa: TinyLetter ilifungwa Februari 2024, Feedburner iliacha kutuma barua pepe 2021, Posterous ilizimwa 2013 na maandiko ya watu ndani. Aliyekuwa na orodha yake alihamia kwingine, hakuna aliyemlilia. Kwa kuanzia tazama Buttondown, wasomaji 100 wa kwanza ni bure, na inakubali maandishi ya Markdown yaleyale unayoandikia Hugo.

---

MzeeBombo

Marahaba. Flashi nazo hupotea.

---

Kijana_Arua

Naomba niulize ambalo hakuna anayeligusa. UCC, Tume ya Mawasiliano, je? Mwaka 2020 walitoa tangazo kwamba wanaotoa huduma za mtandaoni, na blogu zilitajwa kwa jina, wapate kibali kabla ya tarehe 5 Oktoba. Mwalimu akihama na kuwa na domeini yake, si ndio anaonekana zaidi?

Na hiyo orodha ya barua pepe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Ukikusanya majina na anwani za watu unabeba wajibu, hata kama ni themanini.

---

Fundi_Wandegeya

Swali zuri. Mimi si wakili. Mambo ya ngeli na kahawa hayajawahi kumtia mtu taabani ninavyojua, lakini aende mwenyewe kwenye tovuti ya UCC asome masharti ya sasa. Asitegemee uzi.

Kwenye data shauri langu ni fupi: omba anwani ya barua pepe tu. Usiombe jina, wala shule, wala namba ya simu. Usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Na kila barua iwe na linki ya kujitoa.

---

MwalimuMasaba

Nimewasikia. UCC nitasoma, na fomu itakuwa na kisanduku kimoja.

Sasa picha. Nimeshusha ile faili ya XML ambayo Blogger inakupa kama nakala ya blogu yako, ndogo sana, nikashangaa. Nimeifungua, naona maandishi yote na maoni yote, picha hakuna hata moja. Kuna linki tu.

---

Fundi_Wandegeya

Ndiyo ilivyo. Faili ile inabeba maandishi na maoni. Picha zinabaki kwenye seva za Google, na ukihamisha maandishi peke yake tovuti yako mpya itaonekana nzima kabisa kwa sababu bado inazivuta kutoka kule. Watu wanashangilia, miaka inapita, siku moja akaunti inafungwa na picha zote zinageuka vijisanduku vyeupe.

Kwa hiyo zishushe. Na ukizishusha tazama anwani yake kwa makini. Katikati utaona kitu kama `/s320/` au `/s640/`. Hicho ndicho kipimo cha picha. Ukivuta jinsi ilivyo utapata kile kijipicha kidogo kilichokuwa kwenye ukurasa. Badilisha iwe `/s0/` halafu ndipo uivute, utapewa picha kwa ukubwa wake uliopakia. Kiskripti kidogo cha Python, yaani programu fupi, kinafanya hivyo kwa zote: kinasoma XML, kinatafuta linki, kinabadilisha kipimo, kinashusha, kinaandika njia mpya ndani ya andiko. Nitumie faili kwa ujumbe wa faragha, nitakuandikia.

Zikishafika zikamue. Picha ya simu ya megabaiti nne usimpe msomaji. Kila megabaiti anailipia, na tangu Julai 2021 ndani ya bei ya data mna ushuru wa asilimia 12. Hugo yenyewe inaweza kuzipunguza wakati wa kujenga tovuti, wewe unaweka ile kubwa tu kwenye folda.

---

bintiBusia

Haya mambo ya Python ndiyo ninayosema. WordPress ina programu-jalizi za kuingiza blogu ya Blogger na kuvuta picha zake. Kubofya mara tatu.

---

Fundi_Wandegeya

Kweli zipo, siwezi kubisha. Kama mwalimu angesema nataka kuhama jioni moja ningemwambia WordPress. Lakini WordPress ukijiwekea mwenyewe ni mnyama wa kulishwa: masasisho yake, ya themu, ya kila programu-jalizi, na ukiisahau miezi sita wadukuzi wanaiona kabla yako. Mwalimu anafundisha, anasahihisha mitihani, msimu wa kahawa yuko shambani. Tovuti ya Hugo ni kurasa tupu, hakuna hifadhidata, hakuna ukurasa wa kuingilia wa kubomoa. Ukiiacha mwaka mzima unaikuta vilevile.

---

Mkimbiaji_Kapchorwa

Niunge mkono Fundi kwa ushahidi. Mimi tovuti ya klabu yetu ya riadha iliwekwa kwenye hostingi (kampuni ya kuhifadhi tovuti) fulani ya mjini, jina nalihifadhi. Siku moja haifunguki. Simu hazipokelewi, ofisini kuna mpangaji mwingine anauza vipodozi. Domeini nayo ilisajiliwa kwa jina lao badala ya letu, kwa hiyo hata jina hatukuweza kulichukua. Matokeo ya mashindano ya miaka kadhaa, kwisha. Tulichookoa tulikinyofoa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani, ukurasa mmoja mmoja, na nyingi hazikuwa na picha.

Mwalimu, ukinunua domeini hakikisha barua pepe ya mmiliki ni YAKO. Na ukanunue sehemu moja, hostingi uweke sehemu nyingine. Kuwapa watu haohao jina na nyumba ni sawa na kumwachia mwenye duka la Kikuubo ufunguo, leseni na daftari la wateja, halafu unakwenda safari.

---

Kijana_Arua

.ug au .com?

---

Mkimbiaji_Kapchorwa

Unayoweza kuilipia kila mwaka bila kukopa. Na ilipie miaka miwili mitatu mbele kama unaweza.

---

MwalimuMasaba

Hilo la jina la mmiliki nimelishika. Nimesajili leo mchana, barua pepe ni yangu, nimelipia zaidi ya mwaka mmoja.

@bintiBusia nakuja kwako sasa, maana hoja yako bado imesimama. Ninavyoandika mimi: rasimu kwa kalamu kwenye daftari, nyingi huanzia kwenye karatasi za wanafunzi. Mtoto akiandika "vitabu yangu imepotea" ninapata andiko zima. Kisha nachapa ofisini kwa walimu jioni. Simu naitumia kwa marekebisho madogo. Fundi ananiambia nikiweka faili GitHub, ghala la faili mtandaoni, naweza kufungua faili moja kwenye kivinjari cha simu, nikarekebisha herufi, nikahifadhi, na tovuti ikajijenga yenyewe. Nimejaribu nikiwa stendi ya taksi. Inafanya kazi, ila kidirisha ni kidogo na vidole vyangu ni vya mkulima. Kwa andiko zima singeweza. Kwa kurekebisha tarehe ya Mutoto inatosha.

Kwa anayeandika kama wewe, ndani ya taksi na picha mkononi, naona WordPress ndiyo haki yako.

Limebaki la maoni. Hili lina uzito kwangu. Kwenye andiko moja la majina ya sehemu za mlima, mzee mmoja wa Budadiri, sasa ni marehemu, alikuja akanisahihisha kwenye maoni, mara tatu, kwa aya ndefu: kijito gani kinaitwaje upande wa juu na upande wa chini, na nani aliyekuwa akilisha wapi. Maoni yale yana thamani kuliko andiko langu. Hugo haina sehemu ya maoni.

---

Fundi_Wandegeya

Haina, lakini maoni ya zamani yamo ndani ya XML yako pamoja na majina na tarehe. Skripti itayatoa na kuyabandika chini ya kila andiko kama maandishi ya kawaida ya ukurasa. Hayatajibiwa tena, ila yatasomeka, na Google watayaona.

Ya mapya: Disqus inaleta matangazo na uzito, giscus inadai msomaji awe na akaunti ya GitHub, mwalimu wa S1 ataitoa wapi? Mimi ningeacha kabisa. Chini ya kila andiko weka "Andika kwa mwalimu" ikifungua barua pepe, na nyingine ikifungua WhatsApp na kichwa cha andiko kikiwa kimeshajazwa. Majibu mazuri unayaongeza mwenyewe kwenye ukurasa kwa idhini ya aliyeandika.

---

MzeeBombo

Hapo sasa mmefika kwangu. Nitakuandikia kwa WhatsApp, mwalimu. Na yale ya marehemu yaweke juu, yasikae chini kabisa kwenye vijiherufi. Mtu aliyeandika aya tatu kwa kidole hakuandika "maoni".

---

MwalimuMasaba

Mzee umenipa wazo. Ya mzee wa Budadiri nitayafanya andiko lenyewe, kwa jina lake, kama familia wataridhia. Mwanawe namfahamu, nitakwenda Jumamosi nikamwone.

---

MwalimuMasaba

Wakuu, taarifa. Ya majaribio iko hewani, linki nimewatumia waliochangia kwenye ujumbe wa faragha. Domeini imeunganishwa na Blogspot na inapeleka, nimejaribu linki za 2012 na zinafika. Picha zote zimeshuka kwa skripti ya Fundi, isipokuwa chache za mwanzo ambazo nilikuwa nimezivuta kutoka tovuti ya mtu mwingine iliyokwisha kufa. Hizo nimeziondoa, za Nyero nitakwenda kuzipiga upya.

Kitu kilichonifurahisha, na sikukitarajia: nilipoweka lugha ya tovuti kuwa `sw`, tarehe zote ziligeuka zenyewe, "Agosti" na "Jumatatu" bila mimi kugusa. Yale maneno mengine ya themu, "soma zaidi", "yaliyotangulia", "tafuta", niliyaandika mwenyewe kwenye faili moja fupi. Chrome nayo imeacha kumuuliza msomaji kama anataka kutafsiriwa kutoka Kiindonesia.

Tafadhali mnaotumia simu ndogo fungueni, hasa jedwali la ngeli na ukurasa wa Nyero.

---

NtindaMtunzi

Imefunguka kabla sijaweka simu mezani. Sawa, nakubali. Ila fomu ya kujiandikisha umeificha mno, nimeitafuta. Iweke pia mwisho wa kila andiko, hapo ndipo mtu ameshapenda.

---

Kijana_Arua

Opera Mini, simu ya mdogo wangu: maandishi safi, ile fonti yako ya kupendeza haipo lakini haina shida. Jedwali la KI-VI linakatika upande wa kulia, safu ya viunganishi haionekani na haisogei.

---

Fundi_Wandegeya

@MwalimuMasaba zungushia jedwali `div` yenye `overflow-x: auto`. Ikigoma kwenye Opera Mini, ligeuze: ngeli zipande juu, zilizobaki zishuke. Safu zitapungua.

---

MwalimuMasaba

Nimeligeuza. Mwambie mdogo wako ajaribu tena.

---

Kijana_Arua

Yote inaonekana sasa. Anauliza kama ngeli ya U-I utaiweka lini, ana mtihani Alhamisi.

---

MwalimuMasaba

Iko kwenye rasimu. Jumanne jioni, umeme ukiwepo.